Shauri la Mchimba Kisima Mbele ya Sikio Kuu

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, isije ikaitika. Ni nchi njema. Ina mlima mmoja, mito miwili na mawaziri arobaini na watatu, na serikali yake ni sikivu. Hilo la usikivu si maneno yangu. Limeandikwa kwenye mabango ya barabarani, mgongoni mwa sare za wanafunzi, na kwenye ukuta wa gereza kuu, upande wa ndani, ili wafungwa nao wasikose kujua.

Kwa sababu hiyo kiongozi wa nchi hiyo haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Sikio Kuu. Picha yake imetundikwa katika kila ofisi, naye amepigwa kwa upande, sikio la kulia likiwa mbele. Mshairi wa ikulu amemtungia ubeti ambao watoto huukariri kabla ya kufundishwa kuhesabu:

Sikio letu sikivu, lasikia hata chungu,
Hunasa nzi mchovu, akitua kwenye dungu,
Halipitwi na uovu, wala siri ya mizungu,
Li imara na shupavu, ni zawadi yake Mungu.

Nimeupima ubeti huo kwa vidole. Vina vimekaa, mizani imetimia, kila mshororo una kumi na sita zake. Kilichopungua ni ukweli tu, na huo haumo katika kanuni za utunzi.

Maana Sikio Kuu hasikii.

Ilitokea hivi. Katika sherehe za mwaka wa kumi wa utawala wake, mizinga ishirini na mmoja ilionekana michache kwa mtu wa cheo chake, ikaongezwa ikafika mia. Wanajeshi walimwomba akae mbali kidogo. Akasema kiongozi haogopi sauti ya nchi yake mwenyewe, akasimama ubavuni mwa mizinga, kidevu juu, mkono kwenye kofia. Mzinga wa mia ulipolia, nchi nzima iliusikia isipokuwa yeye. Akaendelea kuusubiri. Alisubiri mpaka bendi ikamaliza, wageni wakaondoka na viti vikaanza kukunjwa.

Watu wa ikulu walijua siku hiyohiyo. Lakini nani atamwambia Sikio Kuu kwamba hasikii? Na hata ukimwambia, atakusikiaje? Mshauri mmoja alijaribu kumwandikia kikaratasi. Akateuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo serikali haina uhusiano nayo, na mpaka leo yuko uwanja wa ndege.

Mwenyewe naye alikuwa na fahari yake. Mtu akimjia na kusema naye, alimtazama midomo kwa makini, na midomo ikifungwa, aliinamisha kichwa. Basi nchi ikaanza kuendeshwa kwa kichwa hicho. Iliundwa Kamati ya Tafsiri ya Kichwa, yenye wajumbe kumi na wawili waliosoma. Kichwa kikiinama mara moja, jambo limeidhinishwa. Kikiinama haraka, limeidhinishwa kwa dharura. Kikianguka kifuani na kubaki huko, limeidhinishwa baada ya tafakuri nzito. Siku moja Sikio Kuu alikuwa akimwangalia kuku anayedonoa nje ya dirisha la bunge, kichwa chake kikawa kinamfuata kuku. Siku hiyo ilipitishwa miswada kumi na minne.

*

Mambo yalikwenda vizuri hivyo mpaka alipokuja balozi mmoja wa nje, mtu asiye na malezi, ambaye mezani alimwuliza Sikio Kuu swali, akaitikiwa kwa kichwa, akauliza tena, akaitikiwa tena, kisha mbele ya watu akasema, "Samahani, umenisikia?"

Vijiko vilisimama.

Kesho yake Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Pambe, alipeleka bungeni Sheria ya Neno Moja. Pambe alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alisema kwamba kumwuliza mwenzako kama amesikia ni kumtuhumu kuwa hana masikio, na kurudia neno ni kumtuhumu mara ya pili. Taifa lenye masikio, alisema, huambiwa mara moja. Tangu leo kila neno litasemwa mara moja tu, asiyesikia ataitikia kwa kichwa, na atakayeuliza "umesikia?" atakwenda jela. Kisha akakaa. Wabunge wa viti vya nyuma hawakusikia chochote, wakaitikia kwa kichwa, na sheria ikapita.

Faida zake zilionekana upesi. Hospitalini daktari alitaja dozi mara moja akielekea mlangoni, na mgonjwa akaitikia. Dawa za kupaka zikanywewa, za kunywa zikapakwa, na takwimu zikaonyesha kwamba malalamiko ya wagonjwa yamekoma kabisa. Jeshi lilipewa amri ya siri mpakani wakati lori likipita. Mpaka leo halijui ni amri gani. Liko palepale, limelima mihogo, na majirani, ambao hawakutarajia mihogo, wanaiogopa sana.

Harusi nazo zilipata mwendo mpya. Bibi arusi wa huko, kama wa kwetu, hujibu kwa sauti ya chini, na ni aibu akisikika mara ya kwanza. Zamani aliulizwa mara tatu. Sasa aliulizwa mara moja, na aliyesikika ndiye aliyeolewa. Bwana mmoja wa kando ya mto alirudi kwake na shangazi wa bibi arusi, kwa kuwa shangazi alikohoa kwa wakati. Nasikia wanaishi vizuri.

*

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo mchimba visima aitwaye Nyange, na mkewe Mashavu aliyemsokotea kamba. Kazi ya visima ina desturi moja ambayo ni ya zamani kuliko serikali. Mtu wa chini akisema neno, wa juu hulirudia kabla ya kulitenda. Wa chini akisema "vuta", wa juu husema "navuta", ndipo avute. Akisema "shusha ndoo", hujibiwa "nashusha ndoo". Kuna wachimbaji wasiosalimiana nyumbani kwa ugomvi wa miaka, lakini wakiwa kisimani hurudishiana maneno kama wapenzi. Wale ambao hawakufanya hivyo hawapo tena wa kuulizwa.

Nyange aliitwa kuchimba kisima katika ua wa Wizara ya Usikivu yenyewe. Chini aliingia yeye, juu akasimama mwenzake Makame, na kando ya Makame wakasimama wakaguzi wawili wa wizara, wenye daftari. Nyange alipofika pima nane, udongo wa ukutani ukaanza kudondoka. Akapaza sauti avutwe.

Makame alifungua kinywa kujibu. Akaona kalamu ya mkaguzi imeinuka. Akafunga kinywa. Kuvuta bila kujibu hakuwahi, na kujibu ni jela, kwa hiyo alisimama na kamba mkononi, jasho likimtoka. Kutoka chini sauti ikaja mara ya pili, kisha ya tatu, na ya tatu ilikuwa, "Makame, umenisikia?"

Makame akavuta. Alivuta kama mtu anayeng'oa mti, na Nyange alipotoa kichwa nje, kisima kilijifunga nyuma yake kwa kishindo. Alipangusa vumbi machoni akaona pingu.

Mahakamani aliambiwa ajitetee mara moja. Akasema, "Bwana hakimu, wa juu akikaa kimya, wa chini hajui kama yuko kisimani au kaburini." Wakati huohuo karani alikuwa anasogeza meza. Hakimu hakusikia vizuri, na kuuliza hakuweza, kwa hiyo aliandika kwamba mshtakiwa ametaja kaburi bila kubainisha la nani. Hukumu ilikuwa fupi: Nyange atakaa ndani mpaka Sikio Kuu asikie shauri lake.

Watu mahakamani walishukuru kwa huruma hiyo. Sikio Kuu husikia kila kitu. Itachukua wiki.

*

Baada ya miezi saba Mashavu alikwenda wizarani.

Dirishani alikuta karani mwenye miwani, na mbele ya dirisha foleni ya watu wakubwa kwa wadogo. Ilipofika zamu yake alisema shikamoo, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Marahaba," karani akajibu, akaandika. "Anayefuata."

"Bado sijasema shida yangu, mwanangu."

"Umesema shikamoo, nami nimeipokea. Neno moja, mama. Mwakani."

Akarudi kesho yake amejifunga kanga nyingine, asitambulike. Safari hii aliruka salamu akaanza na jina la mumewe. Karani alivua miwani, akamtazama kwa huzuni, akawauliza waliokuwa foleni kama wao huko kwao huingia kwa watu bila kubisha hodi. Foleni ikaguna. Mashavu akatolewa kwa kukosa adabu.

Akaenda gerezani kumweleza mumewe. Gereza lile lilijengwa kwa watu mia mbili. Sasa lilikuwa na mia sita, maana hukumu zote za miaka tisa ziliishia kwa maneno yaleyale, mpaka Sikio Kuu asikie, na hakuna aliyekuwa ametoka. Mkuu wa gereza aliitwa Sajini Chande, mtu mnene mwenye redio ndogo isiyozimwa. Wafungwa walikuwa wanalala kwa zamu, na yeye mwenyewe alikuwa amewaachia chumba chake, akalala ghalani na magunia ya maharage.

"Dada, ungengoja Siku ya Kusikilizwa," alimshauri. "Ila jihadhari. Waliokwenda mwaka jana wawili ninao humu."

Nyange alimwambia mkewe kupitia wavu kwamba asiende. Alikuwa amekonda, na kikohozi cha vumbi la kisima hakijamwacha. Alisema bora abaki peke yake ndani kuliko wawe wawili, na Kibibi abaki na nani. Mashavu alimjibu kwamba ameoa mke, hajaoa gunia, na ataonekana huko wiki ijayo.

Kibibi aliyetajwa alikuwa dada yake Mashavu. Alizaliwa hasikii. Wawili hao walikua pamoja kitanda kimoja, na tangu utotoni walikuwa na maneno yao ya mikono, ya uso na ya mabega, mengi kuliko ya kamusi. Kibibi alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Angeweza kukuonyesha imamu, mwenye duka na mbuzi wa jirani, na ukajua ni mbuzi wa jirani yupi. Alifuatana na dada yake, maana hakuna aliyeweza kumzuia.

*

Siku ya Kusikilizwa hufanyika mara moja kwa mwaka katika uwanja mkuu, na hutangazwa moja kwa moja redioni. Sikio Kuu alikaa jukwaani kwenye kiti cha mkonga, Kamati ya Tafsiri upande wa kushoto, bendi nyuma yake. Waziri Pambe alisimama kwenye kipaza sauti akieleza kwamba katika nchi nyingine mwananchi hupiga kelele mpaka akachoka, ila hapa husema mara moja, na mambo yakaisha.

Aliyetangulia alikuwa mzee mmoja. Alisema kwamba mkuu wa wilaya amemnyang'anya shamba. Midomo ilipofungwa, kichwa cha Sikio Kuu kikainama. Kamati ikaandika: kunyang'anywa kumeidhinishwa. Mzee akashikwa mkono akateremshwa.

Akafuata mama mjane aliyesema kwamba nyumba yake imebomolewa kimakosa. Kichwa kikainama. Kubomolewa kumeidhinishwa, makosa pia. Akafuata bwana mmoja mjanja, ambaye alikuwa ameshaielewa hesabu. Badala ya kulalamika, alisema kwa furaha kwamba amerudishiwa ng'ombe wake wote sita. Kwa bahati mbaya nzi alimtua Sikio Kuu puani, akatikisa kichwa kumfukuza. Kamati ikaandika kwamba ng'ombe hawarudi, na bwana yule alilia kwa sauti iliyochukuliwa redioni kuwa ni ya shangwe.

Mashavu, aliyekuwa wa nne, akaona anachoendea. Akisema "mume wangu amefungwa", kichwa kitainama, na Nyange atakuwa amefungwa kwa idhini. Hakujua aombe vipi.

Hapo mpiga matoazi wa bendi alisinzia, na matoazi yakamponyoka yakaanguka juu ya bati la jukwaa. Uwanja mzima uliruka. Pambe aliruka, Kamati ikaruka, askari wawili wakalala chini. Sikio Kuu aliendelea kutabasamu, akimtazama kipepeo.

Kibibi, ambaye naye hakusikia kitu, aliona watu elfu wakiruka na mtu mmoja akikaa. Akamvuta dada yake mkono. Vidole vyake vilisema: Yule ni mwenzangu.

Mashavu akamwambia kwa mkono anyamaze, jambo lisilo na maana kwa mtu wa namna hiyo, lakini dada ni dada.

Mwangalie, Kibibi akasisitiza. Anatazama midomo. Anaitikia mtu akifunga kinywa. Mimi nilifanya hivyo dukani mpaka nikauziwa mafuta ya taa badala ya ya kula. Usimwambie. Mwonyeshe.

Jina la Mashavu likaitwa.

*

Alipanda jukwaani, akasimama mbele ya kiti, na hakusema kitu.

"Mama, neno lako," Waziri Pambe alimhimiza kwenye kipaza sauti.

Mashavu akafunga midomo, akaikaza. Kisha akainama akaanza kuchimba. Hakuwa na jembe, lakini uwanja wote uliliona jembe. Akajifunga kamba kiunoni akashuka, kidogo kidogo, mkono kwa mkono, mpaka magoti yakagusa mbao. Huko chini akatazama juu. Udongo ukamdondokea machoni, akaupangusa. Akaweka viganja mdomoni akaita. Akaweka kiganja nyuma ya sikio akasubiri. Akaita tena.

Baadhi ya mawaziri walidhani ni ngoma ya asili, wakaanza kupiga makofi.

Kichwa cha Sikio Kuu kilikuwa kimeanza safari yake ya kwenda chini. Kilifika katikati kikasimama. Kamati ikasimamisha kalamu. Kichwa cha nusu hakikuwemo katika mwongozo.

"Ni kisima," Sikio Kuu akasema. Kwa kuwa hakujisikia, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya bendi. "Kuna mtu kisimani."

Mashavu akainamisha kichwa. Wajumbe wawili wa Kamati wakaandika, kisha wakafuta, hawajui kama huyu naye hutafsiriwa.

"Baba yako?"

Akatikisa kichwa. Akagusa kidole cha pete.

"Mumeo. Amefukiwa?"

Akatikisa tena. Akaunganisha viganja vya mikono kama aliyetiwa pingu, kisha akaweka vidole mbele ya uso, akachungulia katikati yake kama mtu aliye nyuma ya nondo. Sikio Kuu alikuwa ameegemea mbele, ameshika mikono ya kiti, uso wake umechangamka kama wa mtoto anayetegua kitendawili. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa amemwambia jambo lolote.

"Yuko jela. Kaiba nini?"

Mashavu alionyesha mikono mitupu. Halafu, polepole, akarudisha kiganja nyuma ya sikio, akainua nyusi, akauliza kuelekea juu.

Sikio Kuu alimtazama muda mrefu. Uso ulimbadilika.

"Aliuliza kama amesikiwa," akasema, kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza, yaani iliishia sokoni. "Mtu amefungwa kwa hilo? Mwachieni."

Wapenda ukweli watasema hadithi iishie hapo. Lakini hii ni nchi yenye mawaziri arobaini na watatu.

Mheshimiwa Pambe alikuwa na hukumu mkononi, na tayari alikuwa ameshapiga hesabu ya watu mia sita wakitoka, kila mmoja na la kwake la kusema. Akaisoma kwa kipaza sauti. Hukumu, alisema, inataka Sikio Kuu asikie shauri. Leo Sikio Kuu hakusikia shauri. Ameliona. Kuona ni jambo zuri, na serikali inalithamini, lakini ni kazi ya Wizara ya Macho, ambayo bado haijaundwa. Kwa hiyo, ili kulinda heshima ya neno la Sikio Kuu, mfungwa ataendelea kubaki ndani mpaka asikiwe. Alipomaliza alimgeukia bwana wake, akainama, akafunga midomo.

Na Sikio Kuu, kwa mazoea ya miaka tisa, akaitikia kwa kichwa.

Kamati ikaandika. Uwanja ukapiga makofi. Askari akamshika Mashavu kiwiko.

Mashavu alimkazia macho yule mzee kitini. Alikuwa na jambo moja tu lililobaki, na alijua bei yake. Akajiziba masikio yote mawili kwa viganja, kwa nguvu, mpaka mishipa ikamtoka. Kisha akaachia mkono mmoja, akaunyoosha, akamwelekezea yeye.

Bunduki tatu zikainuka. Mtu mmoja nyuma akasema mama huyu ameshakufa ila hajaambiwa.

Sikio Kuu hakumtazama Mashavu. Alikuwa anatazama nyuma yake, chini, kwenye umati, ambako mwanamke mmoja alikuwa amepanda juu ya sanduku la soda. Kibibi alijiziba masikio vilevile, kisha akajipiga kifuani, taratibu, mara mbili. Mimi pia. Akacheka, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Mzee akasimama. Alimsogeza Pambe kando, si kwa ukali, akashika kipaza sauti.

"Mimi sisikii," akasema. "Tangu ule mzinga wa mia. Sijasikia neno hata moja la mtu yeyote kwa miaka tisa. Nilikuwa naitikia tu. Nilikuwa naona aibu."

Redioni, nchi nzima, ikasikika sauti ya bendera ikipepea. Sijui kama katika historia ya nchi hiyo palipata kusemwa sentensi iliyo wazi zaidi kuliko zile tano, na mtu yeyote mwenye mtoto wa miaka mitatu angeweza kumwuliza mtoto huyo maana yake.

Lakini mtoto hakuulizwa. Pambe akarudi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema, na machozi yalimlengalenga, "mmejionea wenyewe unyenyekevu. Miaka tisa Sikio Kuu hajasikia neno. Neno gani? Neno la malalamiko! Niambieni, ni nchi gani nyingine ulimwenguni ambayo kiongozi wake anaweza kusimama hadharani akatamka hivyo?"

Bendi ikapiga. Watu wakashangilia, wa mbele kwa kusukumwa na wa nyuma kwa kuwafuata wa mbele. Sikio Kuu aliona mikono ikipigwa na midomo imefunguka kwa furaha, akadhani ameeleweka. Alikaa, akajifuta uso kwa leso. Alionekana amepumzika. Akawaitikia kwa kichwa, na Kamati ikaandika.

Mashavu aliachiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua ashtakiwe kwa lipi. Hakuwa amesema kitu.

*

Mchana huo wizara nzima ilijifungia kuandika Kanuni za Mikono. Ilikubaliwa kwamba mwananchi atakapokuwa mbele ya kiongozi mikono iwe mfukoni, na asiye na mfuko ashonewe. Ubishi ulikuwa juu ya kina cha mfuko. Kwa sababu ya ubishi huo hakuna ofisa aliyebaki wa kushughulika na jambo jingine lolote.

Mashavu na Kibibi walikwenda gerezani kwa miguu. Njiani Mashavu alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia Nyange kwamba alikuwa ameachiwa kwa muda wa kama dakika mbili.

Walimkuta Sajini Chande amekaa nje ya lango juu ya kigoda, redio iko mapajani, imezimwa. Wakasalimiana. Chande akawaambia wakae, lakini hapakuwa na pa kukaa.

"Dada, wewe ulikuwa palepale," alisema. "Alitamka mwenyewe? Si mtu kumwigiza?"

"Kwa kinywa chake."

"Nimemsikia waziri akifafanua."

"Amefafanua."

Chande akaukuna mkanda wake. "Mimi ni mtu wa darasa la sita. Ule ufafanuzi sikuuelewa. Nimeelewa ya kwanza." Akaigeuzageuza redio. "Hasikii kabisa? Hata mlango?"

"Hata mzinga, kaka."

Chande akainuka. Alitoa funguo, akachagua mmoja aliyekuwa na kutu, akautia kwenye kufuli akauzungusha kwa mikono miwili. Lango lile lilikuwa halijatiwa mafuta tangu uhuru. Lililia kilio ambacho kilikimbiza mbuzi, kikaamsha watoto mitaa mitatu, na huko bondeni mwadhini mmoja alitoa kichwa dirishani kuuliza nani amekufa. Chande alisimama, mabega yamepanda masikioni, akingoja.

Hakuna kilichotokea.

Akalifunga. Akalifungua tena, polepole zaidi, lilie zaidi, ili kuwa na hakika. Akageuka akatazama barabara ya ikulu. Palikuwa na mwanamke anapita na ndoo.

Ndani watu mia sita walikuwa wamesimama, hakuna anayethubutu. Kisha Nyange akaja mbele, kikohozi kimebanwa kwa mkono, akikanyaga kwa ncha za vidole. Wa pili akamfuata vivyo hivyo, na wa tatu, mstari mzima wa wanaume wazima wakitembea kama watu wanaompita mgonjwa aliyelala. Mashavu alimshika mumewe shingoni akakohoa naye.

Chande aliwatazama wakipita mbele yake, mmoja mmoja, viatu mkononi.

"Jamani," akasema, "mnanyata kwa ajili ya nani?"